Mwaka Ambao Wegesa Alikula Peke Yake

Mama yake Wegesa tumemzika mwezi uliopita kijijini kwake, mwendo wa saa nzima kwa bodaboda kutoka Tarime mjini. Nilikwenda kwa sababu nilipaswa kwenda. Nilifika mapema, nikachangia unga na sukari kama wenzangu, nikakaa chini ya turubai pamoja na akina mama, na ulipofika wakati wa kusoma wasifu wa marehemu nikaweka mikono mapajani kama mtoto wa shule. Alisoma mjukuu mmoja mwenye sauti nzuri. Bibi alizaliwa wapi, alibatizwa akiwa na umri gani, alilima nini, aliugua nini. Kisha akasoma kwamba marehemu alijaliwa kupata watoto sita, na kwamba wote wako hai. Watu wakamshukuru Mungu. Mimi nilihesabu kwa vidole chini ya kitenge, nikarudia, na mara zote mbili nikapata saba. Nikamtazama Matinde, aliyekuwa amekaa viti viwili kutoka kwangu, mama mnene sasa, mwenye duka la vitenge Sirari. Alikuwa anajipepea kwa karatasi ya ratiba ya mazishi kana kwamba hakusikia. Alisikia vizuri sana. Mimi na yeye tuliishi chumba kimoja na huyo wa saba.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Habari za baba yangu, wake zake na ng'ombe wake nitaziacha. Kila Mkurya anayeandika maisha yake huanzia zizini, na msomaji anachoka kabla hajafika popote. Mimi naanzia chumbani. Chumba chenyewe kilikuwa Turwa, pembeni mwa Tarime mjini, ambako nyumba zinachanganyika na mashamba ya mahindi. Shule yetu ya kata haikuwa na bweni, kwa hiyo sisi tuliotoka mbali tulipanga vyumba na kuviita geto. Letu lilikuwa na vitanda viwili, ndoo nne, kamba ya nguo iliyokatiza kutoka ukuta hadi ukuta, na dirisha la mbao lililofungwa kwa kitambaa kwa sababu komeo lilivunjika zamani. Tulikuwa wasichana wanne. Matinde alikuwa kidato cha nne, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekipata chumba, alikitawala. Kabula alikuwa Msukuma. Baba yake alikuja huku kuchimba dhahabu. Wegesa na mimi tulikuwa kidato cha tatu, na tulilala kitanda kimoja tangu kidato cha kwanza, kichwa kwa miguu. Tulipika nje ya mlango kwenye jiko la mkaa, ugali wa muhogo na mtama, dagaa wa Musoma, siku njema maharage, na tulikula kwenye sinia moja lililopinda ukingo. Ukuta wetu na wa mama mwenye nyumba ulikuwa wa tofali moja tu. Tulisikia kila alichosema, naye bila shaka alisikia kila tulichosema sisi.

Mwaka ule kwangu ulianza mwezi wa kumi na mbili wa mwaka uliotangulia, kwa sababu ulikuwa msimu wa tohara. Kabla shule hazijafungwa walikuja watu wa nyumba salama, ile nyumba inayopokea wasichana wanaokimbia kukatwa, wakazungumza nasi darasani. Mimi ndiye niliyemwambia Wegesa tukimbie. Naliandika hili waziwazi kwa sababu kwa miaka mingi nimeliacha lielee, kana kwamba wazo lilikuwa la wote. Lilikuwa langu. Tulikubaliana tukutane njia panda Jumamosi asubuhi, kila mmoja na mfuko wa nguo mbili, kama tunaokwenda sokoni. Ijumaa nilimsikia mama jikoni akimwambia shangazi kwamba safari hii na yeye atatembea kifua mbele, kwamba ametukanwa vya kutosha na wake wenza. Alikuwa anacheka. Sikuwa nimemsikia mama akicheka hivyo kwa muda mrefu. Jumamosi sikwenda njia panda. Wegesa alingoja, aliniambia baadaye, mpaka jua likawa kali, kisha akaenda peke yake.

Mimi nilikatwa. Sitaeleza zaidi; waliopitia wanajua, na wasiopitia hawana haja ya kuonyeshwa. Nitasema tu kwamba nililia. Kwetu msichana anatakiwa asipepese hata jicho, na ukilia aibu haibaki kwako, inakwenda na mama yako hadi nyumbani. Mama alitangulia njiani bila kugeuka. Hata hivyo walinivika khanga mpya, wakabana noti kwenye kilemba changu, wakaimba. Mwezi wa kwanza nikarudi Turwa nikiwa mtu mzima mwenye hesabu yake, yaani mtu wa kundi fulani la msimu fulani, na kundi lile hukaa nalo mpaka kufa.

Wegesa alirudi siku mbili baada yangu. Alikuja na uongo wake umenyooshwa vizuri: kwamba alipelekwa kwa shangazi yake ng'ambo, upande wa Isebania, akakatiwa huko. Ulikuwa uongo wa kuaminika kabisa. Mwaka ule polisi walikuwa wakali upande wetu, na familia nyingi zilivusha wasichana mpaka wa Kenya kimyakimya. Alipokuwa anasema alinitazama mara moja tu. Hakuniomba kitu, na mimi sikusema kitu. Nilijua alikotoka. Nilijua pia kwamba baba yake alikuwa ameapa kwamba hataingia tena katika boma lake, na kwamba chumba kile, na shule ile, ndivyo pekee alivyobaki navyo. Kama angeweza kukaa pale kwa amani mpaka mtihani wa kidato cha nne, angeweza kwenda mahali pengine na kuishi. Hilo tu ndilo alilokuwa analitafuta. Kuna watu wanaotafuta makubwa kuliko hayo na wanapata.

Miezi miwili ya kwanza tulikaa vizuri. Matinde alipenda sana kusikia habari za ng'ambo, na Wegesa, maskini, ilimbidi aongeze. Asubuhi ilikuwa na baridi. Kikongwe aliyemkata alikuwa na jicho moja. Yeye alitazama mlima mbele yake na hakupepesa. Kila mgeni akija getoni Matinde alimwambia Wegesa asimulie, na kila akisimulia, mwishoni walinigeukia mimi. Eti Bhoke alilia mpaka mbuzi wakakata kamba. Ulikuwa utani wa kawaida, wa watu wanaokula pamoja, na mimi nilicheka nao. Usiku nilikaa macho nikiwa nimeelekea ukuta, nikimchukia msichana aliyelala miguuni kwangu. Nilimchukia kwa sababu alikwenda njia panda na mimi sikwenda, na sasa alikuwa amechukua hata ule ujasiri ambao ungenifaa mimi, niliyelipa kwa damu yangu. Sijui kama msomaji atanielewa. Mimi mwenyewe nimechukua miaka mingi kujielewa.

Jumapili moja ya mwezi wa tatu tulikuwa tunakula mchana, sote wanne, mlango wazi. Matinde alikuwa ametoka kusimulia tena jinsi nilivyolia. Akaniambia nijifunze kwa Wegesa, mtoto mdogo wa mwili lakini moyo wa kiume. Nikasema, "Amekatwa wapi huyo? Alikuwa nyumba salama. Muulizeni."

Wegesa alikuwa ameshika tonge. Alilishikilia, hakulila wala hakulirudisha. Angeweza kusema hapo kwamba mimi ndiye niliyemshawishi, kwamba mfuko wangu wa nguo mbili ulikuwa tayari umefungwa. Nilisubiri aseme. Hakusema, wala hakukana. Matinde akanawa mikono polepole, akalivuta sinia upande wake, akasema, "Hapa hatuli na msagane." Hilo ndilo neno la msichana asiyekatwa. Kwa mtoto ni jina la kawaida tu, lakini kwa msichana wa miaka kumi na saba ni tusi ambalo halina kubwa kulizidi. Kabula ndiye peke yake aliyeuliza swali la maana. Alisema, "Mimi pia sijakatwa. Kwetu hawakati. Mbona mnakula na mimi?"

"Wewe mgeni," Matinde alimjibu. "Mgeni hana kosa."

Jumatatu jina lilifika shuleni kabla yetu. Wavulana walikuwa wakilitamka kwa sauti ya chini Wegesa akisimama kujibu swali, na alikuwa mtu wa kujibu maswali, hasa ya hesabu; kufikia mwezi wa tano hakunyoosha tena mkono. Bombani wanawake waliokuwa nyuma yake walipitisha ndoo zao mbele. Alikwenda kwa mwalimu wa malezi, mwanamke tuliyemheshimu, naye akamwambia kwamba mambo ya mila yasiletwe shuleni, asome kwa bidii, yatapita. Nyuma ya ukuta tulimsikia mama mwenye nyumba akiongea na jirani yake. Alisema yule mtoto ataolewa na nani, na mlango wa zizi la mkwe wake, ambao asiyekatwa haruhusiwi kuugusa, ataufungua kwa mkono gani. Kwa kuwa sisi tulisikia, Wegesa pia alisikia. Alikuwa anashona soksi. Aliendelea kushona.

Alipika nyuma ya nyumba, mafiga matatu na sufuria moja, na alikula hukohuko amechuchumaa. Kabula kwa muda alichukua sahani yake akaenda kula naye, na ninawakumbuka migongo yao miwili na jinsi Kabula alivyokuwa akicheka kwa sauti makusudi ili tusikie. Lakini likizo ya mwezi wa sita baba yake Kabula alihamia Geita, na Kabula hakurudi. Kuanzia hapo hapakuwa na mtu. Sikuwahi kumpiga Wegesa. Sikumtukana kwa jina lile zaidi ya mara chache, nami nimezihesabu. Kosa langu lilikuwa la aina nyingine. Mwezi wa saba niliugua malaria, Matinde akaenda shule, na Wegesa akabaki kunipikia uji wa ulezi. Alinishikia kikombe. Niliunywa wote, ukanipa nguvu, tukaongea kidogo kama zamani, hata akaniuliza kama kidonda changu kilipona sawasawa, kitu ambacho mama yangu hakuwahi kuniuliza. Jioni Matinde alipoingia akaona kikombe, nikasema aliniletea nikakataa, uji nimemwaga nje. Wegesa alikuwa mlangoni.

Siku za gulio mama yake Wegesa alikuja. Alikuja kwa siri, baba asijue, na kikapu cha ndizi na mfuko wa unga juu ya kichwa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, anayepiga chafya kwa sababu ya vumbi la njiani. Tulimwamkia shikamoo kwa heshima zote, tukampa kigoda. Alituuliza kama tunakaa vizuri na mwenzetu, tukasema vizuri mama, na Wegesa naye akasema vizuri. Akituona tumekaa wote kitandani alifurahi. Siku hizo tu ndizo Matinde alizomruhusu Wegesa kukaa nasi, na mimi nadhani hata Matinde alikuwa anampenda yule mama. Tulikuwa watoto wenye adabu sana.

Mimi sasa ni muuguzi, wilaya ya Serengeti. Wasichana wanakuja kituoni na tumbo linalouma lisilo na ugonjwa, mara ya pili, mara ya tatu. Wakubwa wangu wa kazi wanasema wanakwepa masomo. Mimi nafunga mlango na kuwauliza moja kwa moja kama wamewahi kufikiria kufa. Wapya kazini hushtuka, wanadhani nitawatia wazo. Wazo huwa lipo siku nyingi kabla hawajanifikia; kinachokosekana ni mtu wa kuambiwa. Wengi hulia, wakaongea, na tukiongea hupatikana shangazi, au mwalimu, au binamu aliyeko Mwanza, mtu mmoja wa kushika upande wa pili wa mzigo. Wapo wanaobisha hodi kituoni hadi leo na watoto wao mgongoni. Najua watu hupenda kutafuta sababu moja ya kifo kama cha Wegesa. Haikuwa moja. Palikuwa na baba, palikuwa na bomba, palikuwa na mwalimu, palikuwa na miezi sita ya kutengwa na sinia. Lakini ninajua pia ni nani aliyeulizwa swali la mwisho, kwa sababu niliulizwa mimi.

Ilikuwa mwezi wa tisa, Jumatatu jioni. Matinde alikuwa masomo ya ziada kwa ajili ya mtihani wake. Wegesa aliingia akakaa ukingoni mwa kitanda chetu, ambacho tangu mwezi wa tatu kilikuwa changu peke yangu. Yeye alilala sakafuni kwenye mkeka. Alikuwa amekonda. Akasema, bila kunitazama, "Bhoke, nikienda mwezi wa kumi na mbili nikatwe, mtaacha kunitenga?"

Hapo palikuwa na majibu mengi. Ningeweza kumwambia asiende, kwamba yeye ndiye aliyefanya lile jambo lililonishinda. Ningeweza kumwambia kwamba ninasikitika. Neno lilikuwa limefika kooni, naapa. Lakini nilikuwa nimezoea kumwogopa Matinde hata akiwa hayupo, na nilikuwa nimezoea kuwa mtu mzima mbele ya mtoto, na kilichotoka ni kile ambacho kila mmoja kwetu angekisema, kwa sababu ni kweli: "Msimu wetu umeshapita. Utaingia na watoto wa darasa la sita. Watakucheka mpaka uzeeni."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeelezwa njia na kukuta imefungwa. Akashukuru. Sikuelewa anashukuru nini. Kesho yake aliamka mapema akatujazia ndoo zetu zote maji, ya Matinde na yangu, na Matinde akasema afadhali ameanza kujua nafasi yake. Jumatano Wegesa alijitoa uhai.

Sitasema zaidi ya hapo, wala wapi, wala vipi. Alizikwa haraka, pembeni, bila hotuba. Shuleni mkuu wa shule alitukusanya mstarini akasema jambo limetokea, tuliombee, na asisikike mtu analizungumza. Alituita Matinde na mimi ofisini, akatuuliza kama marehemu alikuwa na tatizo. Matinde akasema alikuwa akilalamika kuumwa kichwa. Mkuu akaandika kichwa. Akanitazama, nikasema ndiyo, kichwa. Wavulana waliokuwa wakilitamka jina lile kwa sauti ya chini waliliacha kwa wiki moja, kisha wakapata mtu mwingine.

Siku nne baada ya mazishi mama yake Wegesa alikuja kuchukua vitu vyake. Safari hii hakuja kwa siri, kwa kuwa hapakuwa tena na cha kuficha. Hakulia mbele yetu. Alikunja mkeka, akakunja sketi mbili na sweta, akayapanga madaftari kwa ukubwa, akafungua moja akatazama zile alama za vyema nyekundu ambazo hakujua kuzisoma, akafunga. Sisi tulisimama ukutani. Nilikuwa nangojea atuulize kwa nini, nami nilikuwa nimeamua, nilikuwa nimeamua kabisa, kwamba akiuliza kwa nini nitasema. Nitasema yote, kuanzia njia panda.

Hakuuliza kwa nini. Alifunga kitambaa cha mzigo, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Siku ile alikula?"

"Alikula, mama," nikasema. Hilo sikulijua.

"Alikula na nani?"

Matinde alikuwa anatazama sakafu. Mama yule alinitazama kwa namna ambayo nilielewa kwamba kila kitu alichobakiwa nacho kilikuwa kinategemea jibu hilo, na kwamba alikuwa anajua, au nusu anajua, na anaomba asijue. Sasa hivi, nikiwa na umri nilionao, naweza kusema nilidanganya kwa huruma. Haikuwa huruma peke yake.

"Na sisi," nikasema. "Sinia moja."

Akafunga macho. Alipoyafungua alinishika mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili, akamshika na Matinde, akasema, "Asanteni, wanangu. Nilikuwa naogopa kwamba alikuwa peke yake." Kisha akajitwisha mzigo. Tulimsindikiza mpaka barabarani kama inavyotakiwa. Pale barabarani akakumbuka kwamba ameacha mfuko wa unga wa Wegesa chini ya dirisha, unga alioleta mwenyewe gulio lililopita, na tukataka kukimbia kuufuata. Akakataa. Akasema tubaki nao, tule, tuna mitihani.

Jioni ile Matinde alisonga ugali wa unga ule, nami nikatengeneza dagaa. Tulikula kwenye sinia lilelile. Ulikuwa unga mzuri, wa mtama mwekundu, umesagwa laini, na ulitutosha siku tatu.